Kukodi kisiwa kizima kwa familia: anza na bahari, vitanda baadaye

Ikikaribia Desemba simu yangu haitulii. Wanaopiga ni watu wa namna moja: ukoo uliotawanyika Dar, Mombasa, Maskati na London, ndugu hawajakaa pamoja tangu mazishi ya mwisho, na mmoja wao ameona picha ya kisiwa chenye mchanga mweupe pande zote. Anataka kukikodi chote, wawe peke yao, siku tatu au nne. Swali lake la kwanza ni lile lile kila mwaka: "Kina vyumba vingapi?"

Vyumba viulize mwisho. Ukikodi nyumba Mbweni au Nyali, maji yako bombani, barabara iko mlangoni na duka liko kona ya pili. Ukikodi kisiwa umekodi boti, nahodha, tangi la maji, choo, betri za sola, na kupwa na kujaa kwa bahari. Kitanda kikiwa kibovu mtu atalala hata mkekani. Tangi likikauka siku ya pili, safari imekwisha. Mimi nilitunza stoo ya kisiwa kimoja kidogo cha wageni kwa miaka sita kabla sijaanza kupanga safari za familia, na hatua hizi ndizo ninazozipitia na kila anayenipigia, kwa mpangilio huu huu.

Hatua ya 1: Jua unakodi nini, na kwa nani

Tunasema "kisiwa cha mtu binafsi", lakini upande wetu wa bahari maneno hayo yana mipaka. Tanzania Bara ardhi yote ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Zanzibar ardhi iko mikononi mwa Serikali. Kwa hiyo yule anayeitwa mwenye kisiwa kwa kawaida ni mwekezaji aliyekodishwa kwa miaka mingi. Mwishoni mwa 2021 Zanzibar ilikodisha visiwa vidogo kadhaa kwa wawekezaji kupitia mamlaka yake ya uwekezaji, ZIPA. Kenya nako, Katiba ya 2010 inamzuia asiye raia kumiliki ardhi kwa zaidi ya ukodishaji wa miaka 99, na inasema wazi kwamba ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma.

Hili linakuhusu kwa sababu ufukwe unaouona kwenye picha unaweza kuwa na watu wengine wenye haki ya kupita. Visiwa vingi vya namna hii vilikuwa dago: wavuvi walitua hapo kwa majuma, wakapika, wakakausha samaki, wakalala chini ya matanga. Wengine bado wanapita. Ukiwaona wamevuta ngalawa yao pembeni wakisubiri maji, usimwite meneja awafukuze. Wasalimie. Mara nyingi ndio watakaokuuzia pweza wa jioni.

Kuna mipango ya aina tatu, uliza ni upi. Wa kwanza ni kisiwa chenye nyumba moja tu, kinachotolewa kwa kundi moja kwa wakati mmoja. Shungimbili, kaskazini magharibi mwa Mafia, ambacho kibiashara kinaitwa Thanda, ndivyo kilivyo: jumba moja la vyumba vitano na banda mbili za ziada, ndani ya eneo tengefu la bahari lililotangazwa mwaka 2007. Bei yake ni ya matajiri hasa. Wa pili ni kisiwa chenye hoteli ndogo ambayo unaweza kuchukua nyumba zake zote ukiwahi. Chumbe, kusini mwa Mji Mkongwe, ina nyumba saba. Fanjove, kwenye visiwa vya Songosongo upande wa Kilwa, ina mabanda machache, na Mnemba inazidi kumi kidogo. Wa tatu ni kisiwa chenye kijiji, na hoteli imechukua ncha moja. Huu wa tatu si kisiwa kizima hata tangazo likisema hivyo. Una faida zake: pana msikiti, pana duka, na pana watu wa kuongea nao.

Uliza pia kuhusu bahari yenyewe. Mnemba ufukwe ni wa wageni wa hoteli, lakini matumbawe yanayoizunguka hutembelewa na boti nyingi za watalii kutoka Matemwe na Nungwi kila asubuhi bahari ikiwa shwari. Familia iliyotarajia upweke itakasirika bure kama haikuambiwa.

Ukishajua aina, mtafute anayepokea fedha. Kampuni iwe na usajili, leseni ya biashara na leseni ya utalii, na akaunti ya benki iwe kwa jina la kampuni. Akikutumia namba ya simu ya mtu ulipie "kwa haraka kabla nafasi haijachukuliwa", acha. Visiwa vinavyofahamika vinapigwa picha na matapeli kila siku, na mteja anafika bandarini na mabegi yake hakuna boti.

Hatua ya 2: Chagua tarehe kwa upepo, mvua na mwezi

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko pote, na ndipo watu wengi wanapotaka kuruka.

Upepo kwanza. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, kusi kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, na kusi ya Juni, Julai na Agosti ndiyo yenye nguvu. Kati ya pepo hizo mbili kuna maleleji, bahari inapotulia kama maji ya sinia. Oktoba na Novemba mara nyingi ni tamu, na mwisho wa Februari hadi mwanzo wa Machi pia. Masika, Machi hadi Mei, hoteli nyingi za visiwani hufunga kabisa, na hata ikifunguliwa kwa nusu bei sikushauri kwenda na watoto wadogo au wazee. Vuli ya Oktoba hadi Desemba hunyesha kwa vipindi, mtu anaweza kuivumilia, na hujaza matangi.

Tunasahau haraka. MV Skagit ilizama tarehe 18 Julai 2012 ikitoka Dar kwenda Unguja, katikati ya kusi, karibu na hiyo hiyo Chumbe ambako watu huenda kupumzika. Ilikuwa meli ya abiria, kubwa mara nyingi kuliko boti itakayowabeba ninyi. Mtu akitaka Julai simkatalii, ila namwambia aweke siku moja tupu mwanzoni na nyingine mwishoni, ili asimsukume nahodha aondoke siku isiyofaa kwa kuwa ndege ya Maskati inaondoka usiku.

Sasa mwezi. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku moja mbili baadaye. Wakati huo tofauti kati ya maji kujaa na kupwa kwenye mlango wa bahari wa Zanzibar hufika karibu mita 4. Maji mafu, katikati ya bamvua na bamvua, tofauti hushuka hadi mita 1 hivi. Kwa anayefuata kalenda ya Kiislamu ni rahisi mno: tarehe 1 hadi 3 na tarehe 14 hadi 17 ni bamvua, na tarehe 8 na 22 ni karibu na maji mafu. Saa nazo zina desturi yake. Unguja, siku za bamvua, bahari hupwa mwisho kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na hujaa kabisa saa kumi au kumi na moja. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa kama dakika 50.

Kwa nini nakusumbua na haya? Kwa sababu visiwa vyetu vingi vimezungukwa na mwamba mpana wa matumbawe usio na kina. Maji yakipwa bamvuani, boti haifiki.

Niliwahi kupeleka familia ya watu kumi na tisa tarehe 15 ya mwezi. Wageni wa Maskati walichelewa kutoka uwanja wa ndege, tukaondoka bandarini saa tatu na nusu asubuhi badala ya saa moja. Tulipofika, bahari ilikuwa imekwisha kukimbia. Boti ikatia nanga mbali, na kati yetu na mchanga pakabaki zaidi ya mita mia tatu za mawe, majani ya bahari na vidimbwi. Vijana walishuka na viatu mkononi wakicheka. Bibi yao alikuwa na miaka 81 na goti lililofanyiwa upasuaji. Mabaharia wanne walichukua kiti cheupe cha plastiki kilichokuwa botini, wakamkalisha, kila mmoja akashika mguu wa kiti, wakaanza kutembea polepole, wa mbele akipapasa kwa nyayo kabla hajakanyaga. Bibi alishika tasbihi yake kwa mkono mmoja na bega la baharia kwa mkono wa pili. Hakusema neno mpaka walipomfikisha mchangani, akaomba maji. Nilikuwa nimezipanga ndege, vyakula na maua, na sikuangalia mwezi. Tangu siku ile ndiyo kazi yangu ya kwanza.

Kwa hiyo: kama kuna mzee, mjamzito, au mtu wa kiti cha magurudumu, chagua siku za maji mafu, au panga kufika maji yakiwa yanajaa. Kama vijana ndio wengi na wanataka kutembea juu ya mwamba kuangalia samaki wa rangi na kaa, bamvua ya asubuhi ndiyo raha yenyewe. Na kama ni harusi ya ufukweni, muulize meneja maji yanafika wapi saa ya sherehe. Bamvua za Machi na Septemba ndizo kubwa za mwaka. Zinaweza kufuta ufukwe wote pamoja na viti mlivyovipanga.

Hatua ya 3: Kagua boti kabla ya kukagua kitanda

Omba majibu haya kwa maandishi: boti imeruhusiwa kubeba watu wangapi, ina mashine ngapi, ina maboya ya kuvaa mangapi, na mangapi kati ya hayo ni ya watoto. Swali la mwisho ndilo linalofichua. Wengi wana maboya ya watu wazima, na mtoto wa miaka minne akivalishwa boya la mtu mzima huchomoka chini akiangukia majini. Kama hawana, nunueni au azimeni mjini.

Boti iwe na mashine mbili, au kama ina moja basi iwe na ya akiba ndogo. Iwe na redio ya baharini, kwa sababu simu hukata mtandao katikati. Nahodha anayejua kazi yake atakuambia chaneli 16 ni ya dharura bila kufikiri. Leseni yake itoke kwa mamlaka husika: TASAC kwa Bara, Mamlaka ya Usafiri Baharini kwa Zanzibar, na KMA kwa Kenya. Utabiri wa bahari kwa Tanzania hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, kila siku pamoja na kasi ya upepo na urefu wa mawimbi. Usome wewe mwenyewe usiku wa kuamkia safari, halafu msikilize nahodha. Akisema leo haifai, haifai, hata kama jua linawaka na bandarini maji yametulia. Yeye anaijua hali ya nje ya mlango wa bandari.

Mizigo na abiria visichanganywe. Masanduku, friji za barafu, magunia ya mchele na spika vitangulie kwa boti ya asubuhi au jana yake. Na safari ya watu iwe mchana, mfike walau saa mbili kabla ya magharibi.

Hatua ya 4: Maji, choo na umeme

Visiwa vidogo vya matumbawe havina mito, na visima vyake hutoa maji ya chumvi au yenye ukali wa chumvi. Maji matamu yanatoka sehemu tatu: mvua iliyovunwa paani, mashine ya kuondoa chumvi, au madumu yanayoletwa kwa boti. Uliza ni ipi, na tangi lina lita ngapi.

Kisha piga hesabu. Mtu wa mjini anayeoga mara mbili kwa siku, tena aliyetoka baharini na chumvi kichwani, humaliza lita 100 bila kujua. Watu 16 ni lita 1,600 kwa siku, na siku nne ni lita 6,400. Tangi la lita 5,000 halitoshi, na jikoni sijalihesabu. Kuhusu mvua, kumbuka kanuni ya mafundi: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Paa la mita za mraba 100 likinyeshewa milimita 10 linavuna lita 1,000, ukitoa kidogo kinachopotea. Ndiyo maana maji ya Februari, baada ya wiki za kaskazi kavu, yanatunzwa kwa wivu.

Chumbe ni shule nzuri ya jambo hili. Kila nyumba imejengwa ivune mvua yake yenyewe: maji hutiririka toka paani, yakapita kwenye chujio la mchanga na kokoto, yakaingia kwenye birika lililo chini ya sakafu, na mgeni hupampu kwa mkono yapande juu yapashwe moto na jua. Ukipampu maji yako mwenyewe unajua thamani ya kila ndoo. Watoto huipenda kazi hiyo. Wape zamu.

Choo ni jambo ambalo wengi wanaona haya kuliuliza, nami nataka uliulize. Visiwa vinavyojali bahari hutumia choo kikavu cha mboji: hakuna kuvuta maji, unamwagia gao la majani makavu na uchafu unaoza taratibu bila kuvuja kwenye matumbawe. Ni choo kizuri na hakinuki kikitunzwa. Lakini hakipendi maji, na sisi tunachamba kwa maji. Nimeona kundi la watu ishirini likimwaga makopo ya maji humo kwa siku mbili, na siku ya tatu hakuna aliyetaka kukikaribia. Uliza mapema kama pana sehemu ya kujisafishia iliyotengwa, yenye mfereji wake. Kama haipo, meneja mwerevu anaweza kukuwekea beseni na chujio la kokoto pembeni ikiwa utamwambia wiki mbili kabla. Ukimwambia siku ya kufika, hawezi.

Umeme mara nyingi ni wa sola. Taa na chaji za simu hakuna tatizo. Pasi, birika la umeme, mashine ya kukausha nywele na spika kubwa za muziki ndizo zinazoua betri usiku wa kwanza. Bibi harusi na wasaidizi wake waambiwe hili kabla. Nguo zipigwe pasi mjini, zisafiri zimetundikwa.

Hatua ya 5: Stara, chakula na swala

Nadhani hii ndiyo sababu halisi ya familia nyingi za kwetu kupenda kisiwa kizima, ingawa hawaisemi kwenye simu ya kwanza. Kuna wanawake waliozaliwa hatua chache kutoka baharini ambao hawajaogelea tangu utotoni, kwa kuwa fukwe zote zina macho. Kisiwani inawezekana. Ila haiji yenyewe, lazima ipangwe. Omba ufukwe mmoja uwe wa wanawake kwa saa maalumu, wafanyakazi wanaume na mabaharia wasipite upande huo, na boti zisikatize. Omba ujue kama kuna mfanyakazi mwanamke wa kuhudumia upande huo. Mara moja nilikaa na mama mmoja kwenye maji ya magotini, jioni, baada ya saa ya wanawake kutangazwa. Aliingiza kichwa majini, akatoka, akasema tu, "Nilikuwa nimesahau ladha yake," akazama tena.

Chakula: sema wazi kuhusu nyama halali na uulize inachinjwa wapi. Kama hamtaki pombe kisiwani mkiwapo, iandikwe kwenye mkataba, maana hoteli nyingi huiweka kwenye bei na mnaweza kukatiwa. Mpishi wa kisiwani amezoea kuwapikia wageni samaki wa kuchoma na saladi. Akijua mapema kwamba mnataka pilau, urojo, mikate ya kumimina na chai ya tangawizi alfajiri, ataleta viungo na nazi za kutosha. Kibla kiulizwe, na mikeka iwepo.

Hatua ya 6: Fedha na mkataba

Ugomvi mwingi wa ndugu hutokea hapa, kwa hiyo andikeni hesabu yote kabla ya kukusanya senti. Chukua mfano, tarakimu ni za kufundishia tu: kisiwa kwa usiku tatu shilingi 24,000,000, boti ya mizigo 1,200,000, ada za hifadhi 800,000, bakshishi kwa wafanyakazi 1,000,000, akiba ya kulala mjini usiku mmoja bahari ikichafuka 1,800,000. Jumla 28,800,000. Mkigawana watu wote 16, kila mmoja ni 1,800,000. Mkigawana watu wazima 12 pekee, ni 2,400,000. Amueni mapema kama mtoto anahesabiwa, maana mwenye watoto watano na kijana asiyeoa hawaioni hesabu hiyo kwa jicho moja.

Uliza bei ya mkazi. Visiwa vingi vina bei mbili, ya mgeni na ya raia au mkazi, na tofauti huwa kubwa, lakini hawatakupa usipoitaja. Ndugu wenye pasipoti za nje wanaokwenda Zanzibar waweke pembeni dola 44 za bima ya lazima iliyoanza tarehe 1 Oktoba 2024.

Kwenye mkataba tafuta kipengele cha hali mbaya ya hewa. Kiseme nani analipa boti isipoweza kuondoka: mnarudishiwa, mnasogezewa tarehe, au mnapoteza? Kama hakipo, kiandikwe kabla hujaweka malipo ya awali. Kiseme pia "kisiwa kizima" maana yake nini, yaani hakuna mgeni mwingine wa kulala wala wa kushinda. Niliwahi kukaa kwenye chakula cha mchana cha harusi tukashuhudia boti ya watalii thelathini ikishusha watu mbele ya jukwaa. Mkataba ulisema vyumba vyote ni vyetu. Haukusema kitu kuhusu ufukwe.

Hatua ya 7: Ugonjwa

Muulize meneja: mtu akiugua saa nane usiku, maji yamepwa, mnafanyaje? Asikilize swali na ajibu kwa hatua: boti ipo wapi, nani anaendesha usiku, hospitali ipi, muda gani, gari linasubiri bandari gani. Akijibu "haijawahi kutokea", tafuteni kisiwa kingine.

Mwenye insulini aulize kuhusu friji ya usiku. Mwenye mimba kubwa, au anayesafishwa figo, abaki mjini na aletwe kwa siku moja bahari ikiwa shwari. Najua inauma kumwambia mtu hivyo, lakini mwambieni.

Hatua ya 8: Mizigo

Viatu vya mpira vya kufungika, jozi moja kwa kila mtu, kwa sababu ya mawe na wale wadudu weusi wenye miiba mirefu. Kofia, shati la mikono mirefu la kuogelea, dawa za kawaida maradufu, tochi yenye taa nyekundu. Mifuko ya plastiki acheni nyumbani. Bara ilipigwa marufuku tangu Juni 2019 na Kenya tangu Agosti 2017, na kisiwani mfuko mmoja uliopeperuka unaishia tumboni mwa kasa. Nepi za mtoto zilizotumika mtarudi nazo, basi chukueni ndoo yenye mfuniko.

Hatua ya 9: Saa ya kwanza kisiwani

Msigawane vyumba kwanza. Wakusanyeni wote, watoto mbele, mfanyakazi wa kisiwa awaonyeshe mambo matatu: wapi mkondo unavuta, wapi si pa kuogelea maji yakipwa, na kengele au filimbi ya dharura iko wapi. Chagueni mtu mzima mmoja wa zamu ya watoto kila saa, jina lake liandikwe ukutani. Watu ishirini wakidhani kila mmoja anaangalia, hakuna anayeangalia.

Matumbawe hayakanyagwi wala kushikwa. Ni viumbe hai, na tawi la ukubwa wa mkono limechukua miaka kukua. Chumbe wamefunga mwamba wao wa magharibi kwa uvuvi tangu 1994, na walinzi wake wa mwanzo walikuwa wavuvi wenyewe waliofunzwa. Ukiweka uso majini hapo utaona tofauti bila kuelezwa. Kome na kauri zilizo hai ziacheni zilipo. Usiku, kama ni kisiwa ambacho kasa hupanda kutaga, zimeni taa za upande wa bahari na msimmulike. Kasa wa kijani akishtuka anageuza njia na kurudi baharini na mayai yake. Mkae kimya kwa mbali, mkiongozwa na mlinzi, na mtamsikia akifukua mchanga kwa mapezi, mchanga ukianguka juu ya majani makavu, kwa muda mrefu.

Hatua ya 10: Kuondoka

Muulize nahodha saa ya kuondoka tangu jana yake, kisha pangeni kifungua kinywa kufuatana na jibu lake. Bakshishi iwekwe kwenye sanduku la wote, ili mpishi wa nyuma na mfagia ufukwe wapate sawa na yule aliyewahudumia mezani. Taka zenu zote zisizooza zipande boti pamoja nanyi.

Maboya yavaliwe tena, hata na wale watakaosema wamezoea. Halafu hesabu watu wako mara mbili: mkiwa bado mchangani, na mkishakaa botini kabla nanga haijang'olewa. Mtoto aliyerudi kuchukua ndoo yake ya mchanga hupatikana kwenye hesabu ya pili.